Nimekabidhiwa idara ya pletingi na mzee aliyenifundisha kazi sasa yuko chini yangu, nianzie wapi?

Mchovyaji_Dar

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo kwa yeyote aliyewahi kusimamia watu kwenye pletingi (kuchovya chuma kipate ngozi ya nikeli au kromu kwa umeme), au hata kiwanda chochote chenye matangi ya kemikali, maana usingizi umeanza kuwa mdogo.

Niko Dar, kiwanda chetu ni cha kati tu, tunachovya nikeli na kromu kwenye fremu za viti vya mabomba, vitasa vya milango na vipuri vya pikipiki, pembeni tuna laini ndogo ya zinki ya bolti. Pale niliingia miaka saba iliyopita nikiwa deiwaka wa kufunga vyuma kwenye reki (fremu ya kutundikia vyuma ndani ya tangi), baadae nikaajiriwa, nikasogea mdogo mdogo mpaka kwenye matangi. Mwezi uliopita supavaiza wetu kaondoka, meneja kaniita ofisini kaniambia kuanzia Jumatatu idara ni yako. Watu kumi na nane, shifti mbili, basi, hakuna semina wala nini.

Sasa kuna mzee mmoja yuko tangi la kromu, ana zaidi ya miaka ishirini kwenye hii kazi. Yeye ndo alinishika mkono, alinifundisha kuangalia maji yanavyotandaa kwenye chuma kilichosafishwa, kwamba yakijikusanya matone matone bado kuna grisi, rudisha kwenye sabuni ya moto, na alinifundisha mpaka kusikiliza sauti ya rektifaya, mashine inayolisha umeme kwenye tangi. Namwamkia shikamoo kila siku na nitaendelea kumwamkia. Leo mimi ndo natakiwa nimwambie mzee vaa glovu ndefu, mzee andika kwenye daftari umeongeza kemikali kiasi gani. Ananitazama tu anasema "sawa bosi", na hilo neno bosi akilitamka yeye mimi linanichoma, alafu haandiki.

Lingine ni rijekti, mali inayokataliwa kwa ubovu. Shifti ya mchana mali inatoka safi, ya usiku kati ya reki kumi zinarudi mbili mpaka tatu, nikeli inabanduka unaivuta kwa kucha kama ganda la kitunguu. Mchana wanasema wa usiku hawasuuzi wanakimbilia bonasi maana bonasi yetu inahesabu reki. Usiku wanasema wa mchana wanawaachia matangi machafu. Niliitisha kikao kimoja kikaishia kelele, wawili nusura washikane mashati.

Na meneja kanipa mpaka mwisho wa mwezi nimpelekee majina mawili ya usiku ya kuondoa. Wote nawajua, wengine tumepanga mtaa mmoja, mmoja mke wake kajifungua juzi tu. Sitaki kupeleka jina la mtu ambaye sina uhakika na kosa lake. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

---

Fundi_wa_Pipa

Pole ndugu, na hongera pia. Mimi niko Nairobi, Industrial Area, tunafanya zinki ya kwenye pipa la kuzunguka, bolti na misumari ya mabati.

Kwanza usipeleke jina lolote. Ukianza uongozi kwa kufukuza wawili wale kumi na sita wengine hawatakuambia ukweli tena, na kwa hii kazi ukifichwa ukweli umekwisha, kwa sababu tangi huwezi kuona ndani yake kuna nini, unategemea mtu akuambie aliangusha nini, aliongeza nini, stima ilipotea saa ngapi.

Hiyo vita ya mchana na usiku hata sisi tulikuwa nayo. Ilipungua tulipofanya shifti zipishane dakika ishirini, wanaoingia wanakuja mapema na wanalipwa hizo dakika (hapo ulipigania kabisa, usikubali ziwe za bure), wasimamizi wawili wanatembea pamoja tangi kwa tangi, wanaangalia joto, pH, kimo cha maji, filta kama inavuta, maji ya kusuuza kama yanatiririka, wanaweka sahihi wote wawili. Mtu akishaweka sahihi kwamba amepokea tangi likiwa sawa hawezi kuamka asubuhi kusema aliachiwa uchafu.

Na uangalie chini ya matangi. Vyuma vilivyoanguka vikilala humo vinaliwa polepole na kuchafua maji. Sumaku kwenye kamba kila Jumamosi. Vile vya shaba na zamaki (aloi ya zinki) sumaku haivishiki, itabidi koleo refu.

---

Nyundo_Moja

Mkuu unawaza sana. Toa wawili, wengine watanyooka wiki hiyo hiyo. Kiwandani huruma haijawahi kulipa mshahara.

---

Mchovyaji_Dar

@Nyundo_Moja nakuelewa, ila supavaiza aliyepita alitoa watatu mwaka jana na rijekti ziko pale pale. Kama dawa ingekuwa hiyo tungeshapona.

@Fundi_wa_Pipa asante, hilo la kupishana naanza nalo.

---

DadaMaabara

Kabla hamjaendelea kugombana nani anyooshwe, naomba mtu achukue kipande kilichobanduka akigeuze aangalie chini yake. Siwatanii, hii ndo hatua ya kwanza na ajabu viwanda vingi wanaanza na kikao.

Niko maabara ya pletingi mwaka wa kumi na moja huu. Nikeli ikibanduka ukaona chuma kitupu chini yake, tatizo liko kwenye usafishaji, yaani sabuni imechoka, asidi imechoka, au suuza mbovu. Kabisa. Lakini ikibanduka ukaona chini yake kuna nikeli nyingine inang'aa, basi usafishaji hauna kosa. Hapo nikeli imekataa kushika juu ya nikeli mwenzake, na sababu kubwa ni kwamba mkondo wa umeme ulikatika katikati ya kuchovya. Nikeli hasa hii ya kung'aa ikikaa kwenye tangi bila umeme dakika chache tu inajivika utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, umeme ukirudi nikeli mpya inakaa juu ya ule utando, inaonekana nzuri kabisa mpaka siku inapopinda au kupata joto ndo inaachia. Mguso mbovu wa reki kwenye baa nao unaleta hivyo hivyo, ndoano iliyojaa kutu inashika na kuachia, inashika na kuachia.

Kwa hiyo chukua vipande kumi vya usiku vilivyorudi na vipande vya mchana kama vipo. Pinda kwa jiliwa mpaka vikatike. Angalia kwa lensi, hata kamera ya simu ukivuta karibu inatosha. Andika idadi. Ukishapata jibu hilo ndo unajua unaongea na nani, msafishaji au mtu wa umeme.

Kuhusu maji yenyewe ya nikeli, mnayapima? Mapishi ya kawaida ya Watts (jina la aliyeyatunga), ambayo dunia nzima inatumia tangu 1916, ni nikeli salfeti gramu 240 mpaka 300 kwa lita, nikeli kloraidi 30 mpaka 90, asidi ya boriki 30 mpaka 45, pH kati ya 3.5 na 4.5, joto nyuzi 40 mpaka 60. Kama hamna maabara angalau nunueni seli ya Hull. Ni kikopo cha mililita 267 chenye upande mmoja umekaa mshazari, unachovya kibati kimoja dakika tano kwa ampea 2 na hicho kibati kinakuonyesha kuanzia mkondo mkubwa mpaka mdogo, kona zinaungua wapi, wapi panafifia. Sisi tunafanya kila Jumatatu na kila kibati tunakiandika tarehe tunakitundika ukutani. Vijana wangu sasa wanasoma ule ukuta kuliko wanavyonisikiliza mimi, na mimi nafurahi, maana bishano la "maji yako machafu" limehamia kwenye kitu cha kuonekana.

Braitina, ile kemikali ya kung'arisha, usiongezee kwa jicho. Inaliwa kwa kadiri ya ampea-saa zilizopita kwenye tangi, karatasi ya msambazaji inakuambia mililita ngapi. Ikizidi nikeli inakuwa ngumu na kavu inapasuka kwenye mpindo, na hapo pia utadhani ni kubanduka kwa uchafu.

---

Mchovyaji_Dar

Dada Mungu akubariki. Narudi na majibu, samahani nitaandika kirefu.

Nimechukua vipande kumi na mbili vya usiku. Tisa chini yake ni nikeli. TISA. Vitatu tu ndo chuma kitupu. Nilikaa pale kwenye jiliwa nikiwa nimeshika kile kipande naona aibu, maana hata mimi mwenyewe moyoni nilikuwa nimeshaamini wale vijana hawasuuzi.

Nikaenda kwa mzee, sio kama bosi, nilimkuta anakunywa chai pale nje kwenye mwembe nikakaa chini nikampa kipande sikusema kitu. Akakigeuza mara moja akasema "huu umeme". Nikamuuliza mzee ulikuwa unajua? Akasema wote wanajua. Usiku umeme ukikatika fundi umeme hayupo, anayewasha jenereta ni mlinzi wa getini, mpaka afike, awashe, ageuze swichi ya chenji ova, dakika tano mpaka saba, na reki muda wote huo zimelala kwenye nikeli. Mchana fundi umeme yupo, na wa mchana wanazitoa.

Nikamuuliza sasa kwa nini hakuna hata siku moja imeandikwa kwenye daftari kwamba umeme ulikatika? Akakaa kimya kidogo. Alafu akaniambia kisa ambacho mimi nilikuwa sijui, au nilikuwa deiwaka wakati huo sikuambiwa. Kumbe kuna kijana aliwahi kuandika, aliandika vizuri tu, saa nane usiku umeme umekatika, reki nne zimeharibika, akaweka na jina lake. Mwisho wa mwezi akakatwa pesa ya reki nne kwa sababu daftari lina jina lake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeandika kitu zaidi ya "shwari". Nimerudi kufungua lile daftari, kurasa na kurasa ni shwari, shwari, shwari, kwa mwandiko tofauti tofauti. Mzee nae ndo maana haandiki.

Kwa hiyo nina jibu la nikeli ila sasa naona shida kubwa ni hili daftari. Nawaambiaje waandike wakati wanajua lilimfanya nini mwenzao?

---

Mswahili_Sharjah

Assalaam alaykum ndugu yangu. Nimesoma yote. Mimi kwetu Mombasa lakini nasimamia laini Sharjah mwaka wa tisa, vitasa na mabomba ya bafu, timu yangu ni watu wa Kerala, Nepal, Peshawar, na Waafrika wanne. Lugha nne sehemu moja.

Hilo la daftari, nenda kwa meneja wako kabla hujaenda kwa vijana. Usiwaahidi kitu ambacho yeye atakivunja kesho. Mpelekee vile vipande tisa mezani, mpe na hesabu, reki mbili au tatu katika kumi, kuchovya upya maana yake kubandua nikeli yote, kupolishi tena, umeme tena, nikeli tena, na nikeli si rahisi. Muombe vitu viwili, kwamba alichoandika mtu mwenyewe hakikatwi pesa, na bonasi ihesabiwe kwa vipande vizuri vilivyopita ukaguzi. Akikubali akuandikie, abandike ukutani kwa sahihi yake. Mimi niliposhika hii laini nilifanya kosa la kuwaahidi watu kwa mdomo wangu, ofisi ikanikana, ilinichukua karibu mwaka mzima kurudisha uso wangu mbele ya wale watu. Wallahi mwaka mzima.

Alafu ukishapata hiyo karatasi, anayeandika mstari wa kwanza uwe wewe. Andika kosa lako la kweli, si la kubuni.

Na mzee usimpe amri ya kuandika. Muulize anachojua, mwandikie wewe au kijana mmoja, alafu msomee, yeye akusahihishe. Watu wa namna hiyo wana vitu havipo kwenye karatasi ya msambazaji yeyote. Mimi nilikuwa na mzee wa Kihindi, amestaafu sasa, alikuwa anajua filta imeziba kwa kuangalia mapovu tu kabla geji haijasogea. Nilimkalisha na vijana kila Alhamisi nusu saa. Hakuwahi kunikatalia jambo baada ya hapo, kwa sababu nilimtoa kwenye kuamrishwa nikamweka kwenye kufundisha.

Lingine, hizo kona zinazoungua kama mnazo, angalia kama ampea zinawekwa kwa mazoea. Sisi kila reki ina kadi ya plastiki imening'inia. Mfano vitasa 40, kila kimoja desimita mraba 1.5, jumla 60, kwa ampea 4 kwa desimita ni ampea 240, dakika 15 inakupa mikroni 11 mpaka 12. Reki ikiwa nusu, vitasa 20, ni ampea 120. Usiku watu wamechoka, wanafunga nusu reki, rektifaya imebaki 240, kila kitasa kinapigwa ampea 8 kwa desimita. Kadi ile inamtoa mtu kwenye kukisia.

Sasa nakuuliza jambo zito. Umesema vitasa. Vya zamaki? Mna tangi la shaba ya sianidi?

---

Mchovyaji_Dar

Waalaykum salaam kaka. Ndio, vitasa ni zamaki, tuna shaba ya sianidi, tangi dogo. Liko mita tatu hivi kutoka kwenye tangi la asidi. Kuna mfereji mmoja wa sakafuni unapita chini ya yote mawili.

---

Mswahili_Sharjah

Huo mfereji mmoja ndugu yangu acha yote mengine ushughulike nao wiki hii hii. Sianidi ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua ndani ya dakika, na ile harufu ya lozi wanayoisema kuna watu pua zao haziisikii kabisa, ndivyo walivyozaliwa. Juni 1988 mji wa Auburn, Indiana, Marekani, mtu aliingia kusafisha tangi kwenye kiwanda cha pletingi, akatumia asidi, chini kulikuwa na mabaki ya sianidi. Walikufa watano. Si kwamba wote walikuwa ndani ya tangi tangu mwanzo, wenzake waliingia kumuokoa. Hiki kisa nakisimulia kwa kila kijana mpya siku ya kwanza, na namrudishia swali: mwenzako ameanguka ndani ya tangi, unafanyaje? Akisema naruka kumtoa namwambia hapana, rudia, mpaka aseme napiga kelele, naita watu wa vifaa vya kupumulia, siingii. Ni ngumu kumfundisha Mwafrika asimkimbilie ndugu yake, lakini fundisha.

Sakafu ya sianidi iwe na kibeseni chake na mfereji wake. Asidi isipitishwe mbele yake kwa ndoo. Chumvi ya sianidi kabati lake, ufunguo wako na wa mtu mmoja tu.

---

DadaMaabara

Naunga mkono kwa herufi kubwa. Na maji machafu yasikutane pia, ya sianidi yanavunjwa kwa hipokloraiti yakiwa na pH ya juu, zaidi ya 10, ya kromu yanapunguzwa kwa metabaisalfaiti kwenye pH 2 mpaka 3 mpaka rangi ya machungwa igeuke kijani ndo unapandisha kwa chokaa mpaka 8 au 9 yatulie tope. Moja linataka alkali, jingine asidi. Pipa moja la uchafu wa vyote ni bomu.

Kuhusu umeme kukatika, waandikie hatua fupi ubandike pale kwenye tangi. Umeme ukikatika toa reki mara moja, suuza, usiache ikauke, weka kwenye maji ya kusuuza safi isubiri. Umeme ukirudi pitisha kwenye usafishaji wa umeme upande wa hasi muda mfupi, suuza, chovya asidi salfuriki hafifu, suuza, rudisha kwenye nikeli. Iliyokwisha kaa humo dakika nyingi itenge kabisa ufanyie jaribio la kupinda kabla ya kuendelea. Na anayewasha jenereta afundishwe, huyo mlinzi ni sehemu ya timu yako hata kama halipwi na idara yako.

---

Mchovyaji_Dar

Nawashukuru mno. Mfereji tumeanza, kesho fundi ujenzi anakuja, kwa sasa nimesimamisha shaba kabisa na vitasa vinasubiri, mteja kapigiwa simu.

Kuna jambo moja naliogopa kuandika ila naandika. Juzi nikiwa na mzee kwenye chai nimeona mkono wake. Pembeni ya kucha, kidole cha shahada, na kwenye kifundo, ana vidonda kama vitundu, duara kabisa, vimezama ndani, kingo zimeinuka, kavu. Nilipomuuliza akarudisha mkono mfukoni akasema haviumi, vya zamani. Pia nimemsikia mara nyingi anatokwa damu puani asubuhi, sote tulizoea tunasema ni joto.

---

Afya_Kazini

Hivyo ni vidonda vya kromu. Vinajulikana, vina umbo hilo hilo ulilolieleza, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi haviumi ndo maana watu wanaishi navyo. Damu ya puani usiiache hata siku moja zaidi, mvuke wa kromu unatoboa ule ukuta wa katikati ya pua, na ukivutwa miaka mingi ni sababu ya saratani ya mapafu. Wamarekani tangu 2006 kikomo chao ni maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa saa nane. Ni kidogo kiasi kwamba ukiona ule ukungu wa njano juu ya tangi ujue mmeshapita mbali.

Mpeleke hospitali, umwambie daktari kazi yake ni tangi la kromu, miaka ishirini, usiseme tu ana vidonda. Kisheria Tanzania mnayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanapima afya za wafanyakazi wa sehemu hatarishi, na ugonjwa uliotokana na kazi unahusika na WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) chini ya sheria ya fidia ya 2008. Mwajiri ndo anatakiwa kutoa taarifa. Watu wengi wanadhani fidia ni ya kukatika kidole tu.

Anachoogopa mzee nadhani unakijua, kwamba akionekana mgonjwa ataambiwa pumzika nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kumgusa mkono uwe na jibu la atafanya kazi gani akitoka kwenye kromu.

Tangi lenyewe linahitaji mfereji wa kuvuta hewa pembeni mwa ukingo, sio feni ya darini inayoupitisha mvuke usoni mwa mtu kwanza. Kuna kemikali ya kupunguza ukungu, muulizeni msambazaji. Glovu ziwe ndefu za PVC au neoprini, mkunjo wa juu ugeuzwe nje ili tone lisikimbilie mkononi akiinua mkono, na kila asubuhi zipulizwe hewa kuangalia tundu. Za ngozi na za kitambaa marufuku, zinanyonya na kumkalisha mtu ndani ya asidi siku nzima.

---

Fundi_wa_Pipa

Aki huyu mzee mshughulikie. Na zile bolti zenu za zinki, kama kuna zilizoandikwa 10.9 au 12.9 kichwani (alama ya bolti ngumu) msizitoe bila kuzioka, nyuzi 190 mpaka 220, ndani ya saa nne baada ya kuchovya na kabla ya pasivesheni (dawa ya mwisho ya kulinda zinki). Haidrojeni ikibaki ndani bolti inakatika ghafla ikiwa imeshafungwa mahali. Nimeona hakuna mtu aliyetaja.

---

Mchovyaji_Dar

Wiki tatu zimepita, nawapa mrejesho kama nilivyoahidi.

Meneja nilimpelekea vipande. Alinyamaza muda mrefu, akaomba lensi. Majina mawili hajayaulizia tena. Karatasi ya kutokukata pesa ameisaini, iko ukutani juu ya daftari, na bonasi kuanzia mwezi ujao ni kwa kipande kilichopita. Hiyo ya bonasi vijana wa usiku wawili hawajaipenda na wamenisemea wazi kwenye kikao, nikasema sawa tutaiangalia baada ya mwezi, tutahesabu pamoja.

Mstari wa kwanza kwenye daftari jipya ni wangu. Niliacha vali ya maji kwenye tangi la asidi ikafurika usiku, nikaandika na jina na saa. Siku mbili hakuna aliyeandika kitu. Ya tatu kijana mmoja kaandika, saa 9:40 usiku umeme umekatika, reki tano zimetolewa, mbili zimechelewa zimetengwa. Nilisoma ule mstari kama mara nne. Usiku rijekti wiki iliyopita ni reki mbili katika thelathini na sita, na zote mbili ni zile zilizochelewa kutoka.

Mlinzi amefundishwa na fundi umeme, anatumia dakika moja na nusu sasa.

Mzee. Nilimwambia mzee nataka uje kwenye usafishaji na ukaguzi, mshahara ule ule, meneja kakubali, uwafundishe wale watoto wapya kusoma maji kwenye chuma kama ulivyonifundisha mimi. Hakujibu siku hiyo. Kesho yake kaja na glovu zake za zamani kaziweka mezani kwangu, zina matundu kwenye vidole viwili, vidole vile vile. Jumanne tulienda wote hospitali. Ukuta wa pua umetoboka kidogo, kapigwa picha ya kifua tunasubiri majibu Ijumaa, fomu za WCF ziko kwa mtu wa utumishi na mimi nazifuatilia kila siku asubuhi kabla sijaingia kwenye laini. Kwenye kromu nimesimamisha kazi ya usiku mpaka mfereji wa hewa ufungwe, na wale wengine watatu wanaozunguka pale wanapimwa wiki ijayo.

@Fundi_wa_Pipa kuhusu bolti, nimefungua stoo nimekuta boksi sita za 10.9 tulizozichovya bila kuzioka. Zote nimezifungia. Kesho nampigia simu mteja aliyechukua boksi za mwanzo.